Vidonge Ndani ya Unga wa Wimbi

Al Rayyan, Ijumaa, 12 Januari 2024

Kwa dada yangu Jerusha,

Pokea salamu za mwaka mpya. Zimechelewa, lakini ni za moyo wote. U hali gani? Magoti je? Damaris ameniambia ulipanda kilima mpaka kanisani kwa miguu na ukafika kabla ya kwaya ya vijana. Nilicheka peke yangu kwenye basi la kampuni hadi wenzangu wakaniuliza kama nimeongezwa mshahara. Kweli mke wangu anajua kunipa habari.

Umekataa ujumbe wa sauti kwa sababu sikio lako la kushoto limestaafu kabla yako. Sawa. Hata mimi naona heri kuandika, maana chumbani tuko sita, na mtu akipiga simu nyumbani wote wanapata habari zake bure. Nitaandika kwa kalamu, nipige picha, nikutumie kwa simu, kama ulivyoagiza.

Sasa neno lenyewe. Mgongo unaniuma tangu Oktoba. Si juu, ni huku chini, pande zote mbili, na maumivu hayaondoki nikilala wala nikisimama. Mguu wa kushoto umevimba hadi kiatu cha kazi sikifungi kamba. Nimepungua kilo saba. Kliniki ya kampuni nimekwenda mara tatu. Wamenipa vidonge vya maumivu na kuniambia ni uchovu wa kusimama. Mlinzi mimi nasimama saa kumi na mbili kila siku langoni pa mnara wetu kule West Bay, Doha, kwa hiyo sikubisha.

Kipandauso nacho ni kilekile cha tangu shule. Mwaura, mwenzangu wa kitanda cha juu, anarudi kutoka likizo tarehe ishirini. Tafadhali nitumie zile dawa za kichwa kwa mkono wake. Zimebaki nne. Ziweke mlemle kwenye unga wa wimbi.

Habari ya mgongo usimwambie Damaris. Atapata wasiwasi bure.

Mdogo wako,
Japheth


Chavakali, 14 Januari 2024

Kwa Japheth, kitinda mimba wetu,

Salamu kwanza, maana hata mwenye hasira husalimu. Mimi ni mzima, magoti ni mazima, duka ni zima. Damaris naye ni mzima, ila amekasirika, kwa sababu nilimwambia kabla chai haijachemka. Mke hafichwi ugonjwa wa mumewe.

Nilikuwa muuguzi miaka thelathini na minne kabla ya kufungua hili duka la dawa, kwa hiyo nisikilize. Kusimama hakumpunguzi mtu kilo saba. Kusimama huvimbisha miguu yote miwili, si mmoja. Hapo pana kitu. Kliniki ya kampuni usirudi; hao watakupa vidonge vya maumivu mpaka siku ya kukuzika. Una kadi ya afya. Nenda hospitali ya serikali, mwambie daktari unataka damu yako ipimwe figo, na usiondoke kwenye kiti mpaka akubali. Aibu ni yake, si yako.

Unga umeondoka leo kwa basi la Nairobi, Mwaura ataupokea huko. Vidonge viko katikati, ndani ya nailoni mbili. Mwaura hajui na asijue. Asiyejua hatetemeki pale uwanja wa ndege. Ni viwili kwa wiki, tena kichwa kikizidi tu, masharti yangu unayajua. Na huko hospitali wakikuuliza kama unatumia dawa, sema hutumii. Vidonge hivyo havina karatasi ya daktari, na nimesikia watu waliorudishwa nyumbani kwa vitu vidogo kuliko hivyo.

Nenda. Sitaki barua nyingine yenye neno uchovu.

Dadako,
Jerusha


Hospitalini, Doha, 4 Februari 2024

Dada,

Nakusalimu kutoka kitandani. Natumai ninyi nyote hamjambo, na kwamba mvua imewakumbuka.

Nilifanya kama ulivyosema. Daktari wa kwanza alitaka kuniandikia dawa ya maumivu, nikabaki kwenye kiti. Akanitazama, nikamtazama. Mwishowe akaandika karatasi ya damu. Majibu yalipotoka hawakuniruhusu hata nirudi kuchukua mswaki. Kuna kitu wanakiita kreatinini, taka ya damu ambayo figo hupaswa kuitoa. Kwa mtu mwenye afya haipiti mia na kumi au hapo karibu. Yangu ni mia nne na kumi na mbili.

Wakanipitisha kwenye skani. Nyuma ya tumbo, karibu na uti wa mgongo, kuna nyama ngumu imeuzunguka mshipa mkubwa wa damu. Imeivuta mirija miwili inayoteremsha mkojo, ikaibana, na sasa mkojo unarudi juu kwenye mafigo. Figo la kulia limesinyaa. Wanasema limebanwa muda mrefu. La kushoto ndilo linalopigana, na likishindwa nitaishi kwa mashine. Daktari wangu ni Msudani, mtu mpole. Alisema huenda ni saratani ya tezi. Anataka kuingiza mipira myembamba ndani ya mirija ili mkojo upite, kisha achukue kipande cha ile nyama akipime.

Kuna muuguzi wa kwetu hapa, Phoebe, wa Nyamira. Ndiye ananieleza maneno magumu. Aliniuliza kama natumia dawa yoyote. Nikasema hapana, kama ulivyonifunza.

Dada, nimechoka. Collins wa chumbani kwetu ameniandikia barua ya kuacha kazi kwa Kiingereza kizuri, imebaki sahihi yangu tu. Kama ni saratani, heri nije nife Chavakali, watoto wanione.

Mdogo wako,
Japheth


Chavakali, 4 Februari 2024, jioni

Japheth,

Salamu zako zote utazipata ukipona. Leo nina haraka.

Chana hiyo barua. Collins mwambie namshukuru kwa Kiingereza chake, akitunze kwa matumizi mengine.

Kreatinini mia nne na kumi na mbili si ya kupanda ndege. Figo lililozibwa ni kama shamba lililofurika: ukiyatoa maji mapema, mahindi yanasimama, ukingoja, yanaoza. Wewe unataka kungoja mpaka ufike Chavakali, ambapo mimi nitakukodia gari nikupeleke Eldoret, nao wakuambie uwekewe mipira ileile. Huko uko nayo mlangoni.

Tena hujaambiwa ni saratani. Umeambiwa huenda. Kati ya huenda na ndiyo kuna kipande cha nyama ambacho bado hakijapimwa. Waache wakipime. Mipira ukubali leo hii, si kesho. Tukishamjua adui ni nani, ndipo tutaamua kama unarudi.

Damaris anasema hivyohivyo, ila yeye anasema huku akilia. Mimi nitalia baadaye.

Dadako,
Jerusha


Al Rayyan, 21 Februari 2024

Dada mpendwa,

Salamu! Salamu kwako, kwa Damaris, kwa watoto, kwa kwaya nzima, hata kwa yule jogoo wako mkorofi. Mko wazima? Mimi ni mzima kuliko nilivyokuwa juzi.

Si saratani. Nimeandika polepole ili usome vizuri. Si saratani.

Mipira iliwekwa asubuhi iliyofuata barua yako. Mkojo ulikuwa mwekundu siku kadhaa na bado unachoma, lakini kreatinini imeshuka hadi mia na themanini. Kile kipande walikichukua kwa sindano ndefu kupitia mgongoni, kisha wakaniruhusu nikangoje majibu chumbani. Jana nimeitwa. Daktari amesema ni ugonjwa adimu, yeye mwenyewe amewaona wagonjwa wanne tu tangu aanze kazi. Phoebe aliteremka kutoka wodini akaniandikia jina: fibrosisi ya nyuma ya tumbo. Mwili unawaka ndani mahali pasipo na jeraha, kisha unajenga kovu, na kovu linakua na kubana kila kilicho karibu. Matibabu yapo. Ni vidonge vya kutuliza huo moto, kwa miezi mingi, labda miaka miwili. Wanataka kwanza kuhakikisha sina kifua kikuu, kisha nianze.

Sasa nikuchekeshe. Huyu Msudani ameniuliza habari ya dawa mara tatu. Jana alihesabu kwa vidole: ya presha, ya moyo, ya kichwa. Alitaja hata kipandauso! Nilikaza uso kama niko langoni na mgeni hana kitambulisho. "No medicine, doctor." Akanitazama sana, akaandika. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Siri yetu iko salama, na vidonge vyako viko kabatini ndani ya kopo la chai.

Mdogo wako mwenye furaha,
Japheth


Chavakali, 22 Februari 2024

Ndugu yangu Japheth,

Nakusalimu, na safari hii sina mzaha.

Niliposoma kwamba si saratani niliimba kwa sauti, watu wakatoka kwa kinyozi wa jirani kuja kuangalia. Kisha nikafika kwenye kichekesho chako. Niliposoma neno kipandauso nilikaa chini.

Daktari hakulitaja bure. Nilifunga duka mchana, nikatoa kitabu changu cha dawa cha chuoni, kile ambacho mende wamekula jalada. Vidonge ninavyokutumia ni ergotamini. Kwenye orodha ya madhara, mwisho kabisa, kwa maandishi madogo, pana mstari mmoja: vikitumiwa kwa muda mrefu vinaweza kuleta kovu nyuma ya tumbo. Mstari huo nimeupigia wino kwa mkono wangu mwenyewe, Japheth. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Ulikuja kwenye mtihani, nikaujibu, nikapewa alama. Nimempigia daktari mmoja wa Eldoret niliyefanya naye kazi, nikitumaini atanicheka. Hakunicheka.

Nimekupa vidonge hivyo kwa miaka kumi na moja. Si mchawi aliyekuroga, wala si joto la huko. Ni mimi. Tena nikakufunza kuwadanganya watu wanaotaka kukuponya. Nimelia nyuma ya kaunta hadi mteja akanipa pole ya msiba. Wazee walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mimi sikuyaficha tu, niliyafunga kwenye nailoni.

Sasa fanya haya. Kuanzia leo usimeze hata kimoja. Kichwa kitauma, nakuonya, kitauma siku nyingi, na usikubali. Pakiti yenyewe mpelekee daktari mkononi. Pamoja na barua hii kuna nyingine ya Kiingereza niliyomwandikia yeye. Nimetaja jina langu kamili, nambari yangu ya uuguzi na mahali lilipo duka. Kama kuna mtu wa kushtakiwa, ashtakiwe aliyekosa. Dawa ya kutuliza moto haitafaa kitu kama unaendelea kuutia kuni, na hilo figo la kushoto ndilo la mwisho ulilo nalo.

Sikuombi unisamehe leo. Nakuomba uende.

Dadako,
Jerusha


Chavakali, 1 Machi 2024

Japheth,

Salamu. Najua umesoma, alama mbili za buluu nimeziona tangu wiki jana. Damaris anasema mnazungumza habari za karo na mvua, na akitaja jina langu unasema basi limefika.

Nijibu neno moja tu. Umeacha?

Dadako,
Jerusha


Chavakali, 10 Machi 2024

Japheth,

Hujambo? Sijui kama hujambo, ndiyo maana nauliza.

Mama alipokufa ulikuwa na miaka mitano, nikakubeba mgongoni mpaka ukajua kusoma. Nakujua unavyonuna. Ulininunia siku tatu kwa sababu nilikukataza kwenda kuogelea mtoni na wenzako. Basi nuna. Una haki, na safari hii una sababu kubwa. Lakini nuna ukiwa na figo.

Damaris amepata nambari ya Phoebe kupitia watu mnaoabudu nao siku ya Ijumaa. Keshokutwa saa nne asubuhi, kama hujaniandikia, nitampigia nimsomee barua yangu yote kwenye simu, sikio likinisaidia. Wakikufukuza kazi utanichukia ukiwa hai, nami nitavumilia.

Dadako,
Jerusha


Al Rayyan, 11 Machi 2024

Dada Jerusha,

Salamu. Usimpigie Phoebe. Anajua.

Leo Ramadhani imeanza. Wenzangu Waislamu wamefunga, chumba kimetulia, na mimi sina tena kisingizio cha kutoandika.

Nilikukasirikia, sitaficha. Nilikaa na barua yako siku nne nikiwaza kwamba aliyenibeba mgongoni ndiye aliyeniharibu mgongo. Kisha kichwa kikanishika kwenye basi, nilipofika chumbani nikafungua lile kopo, nikameza viwili. Ndiyo, baada ya kusoma yote uliyoandika. Hapo ndipo aibu iliponipata, kwa sababu kuna jambo wewe hulijui.

Uliniambia viwili kwa wiki. Dada, nimekuwa nikimeza viwili kwa siku, na siku nyingine vitatu, tangu mwaka wangu wa kwanza hapa. Ni lile jua, na vioo vya minara vinavyolirudisha machoni, na kila nikimeza kichwa kinatulia kidogo halafu kinarudi kudai kingine. Vyako vikiisha nilichukua kwa Herbert, dereva wa Kakamega tunayesali naye. Kila nilipokuandikia kwamba zimebaki nne, nilikuwa nakuficha. Kwa hiyo usibebe mzigo wote peke yako. Ulinipa masharti, nikayavunja mimi.

Nilianza na Mwaura, kwa sababu ya unga. Nilimwambia alichokuwa amekibeba. Aliweka kijiko chini. "Japh, we ni brathe, lakini hiyo ni noma. Wangenishika pale airport na unga ya mtu, ningesema nini? Hata mimi niko na watoto." Hakuongea nami siku mbili. Ya tatu akaniambia, "Yalla, twende hiyo hospitali. Kama ni kufukuzwa, nataka nijionee."

Tulikwenda pamoja, pakiti nimeishika ndani ya bahasha. Daktari alisoma barua yako mara mbili. Nikaanza kujitetea kabla sijaulizwa, nikataja kazi yangu, watoto wangu, jina la kampuni. Akainua mkono. "Mimi natafuta ugonjwa, Japheth. Sitafuti mkosaji." Kisha akamwambia Phoebe kwamba dada yangu anaandika kama muuguzi wa zamani, na Phoebe anasema kwake hiyo ni sifa kubwa.

Anasema huenda ni hivyo vidonge, huenda sivyo. Wagonjwa wengi wa kovu hili chanzo chao hakijulikani, na watu wengi humeza ergotamini bila kupatwa na kitu. Lakini kuacha ndiyo dawa ya kwanza. Angeanza matibabu bila kujua, figo la kushoto lingeendelea kubanwa, naye angekuwa anashangaa kwa nini dawa yake haifanyi kazi.

Nimeacha siku nane sasa. Sikukuandikia mapema kwa sababu kichwa kiliniangusha kabisa, na pia kwa sababu ya hiyo aibu. Juzi nilimsihi Phoebe anipe kimoja tu; alikataa, akakaa nami mpaka nikaacha kusihi. Vidonge vya kutuliza moto nimeanza Jumatano, vinane kila asubuhi baada ya chai.

Nimeacha, Dada. Hilo ndilo neno ulilotaka.

Mdogo wako,
Japheth


Chavakali, 15 Machi 2024

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu tele. Sisi sote ni wazima, na mimi ndiye mzima kuliko wote. Viwili kwa siku! Ungekuwa karibu ningekuchapa, halafu ningekukumbatia, halafu ningekuchapa tena. Nimekusamehe. Wewe nisamehe polepole, sina haraka.

Lakini umetaja jina la Herbert. Herbert wa Kakamega, mrefu, anayeongea akicheka. Dada yake hununua vidonge hivyo kwangu. Kwa hiyo hata ulivyochukua kwake vilikuwa vyangu.

Mambo ya mlango wa nyuma hayaandikwi popote. Nimekaa siku mbili nikikumbuka sura moja moja za niliowauzia vidonge hivyo. Hapa nyumbani nimewapata tisa, na nimekwenda kwa kila mmoja kwa miguu yangu. Huko Doha wako watatu. Kuna huyo Herbert. Kuna Miriam, anayefanya kazi hotelini. Na kuna Edith, mfanyakazi wa nyumbani, mwajiri wake anaishi hukohuko Al Rayyan. Mama yake Edith amehamia Kitale kwa mwanawe na simu yake haishikiki. Watafute hao watatu. Waambie waache, wapimwe damu. Usiwatishe, maana wengi watakuwa hawana kitu; ila neno wengi mimi siliamini tena.

Jana nilikwenda ofisi ya afya ya kaunti nikajieleza mwenyewe. Wamelifunga duka mpaka wakaguzi waamue. Usinitetee kwa mtu yeyote.

Meza dawa zako. Kula chumvi kidogo.

Dadako,
Jerusha


Al Rayyan, Ijumaa, 19 Julai 2024

Dada Jerusha,

U hali gani, na duka likiwa limefungwa siku zinapitaje? Damaris anasema umeanza kufuga sungura na unawapa majina ya wakaguzi. Nimefurahi kusikia bado una ukorofi.

Huku joto ni la kupikia mayai barabarani, lakini mimi sisimami tena langoni. Daktari aliandika barua, na mudiri, yaani meneja wetu, baada ya kuguna sana, akanihamishia chumba cha kamera. Nakaa kwenye kiti, naangalia lango nililokuwa nikilisimamia. Sura yangu imevimba kwa dawa. Collins ananiita meneja wa benki. Njaa ninayoisikia sina namna ya kuieleza. Sukari ilipanda, natobolewa kidole kila asubuhi. Kuna siku nilitaka kuacha vyote, nikakumbuka nitalazimika kukuandikia hivyo, nikameza.

Skani ya juzi inaonyesha kovu limepungua karibu nusu. Daktari aliichora kwenye karatasi, ilivyokuwa na ilivyo, akanipa niitunze. Mipira bado imo, wanaibadilisha. Figo la kulia halitarudi kuwa kama zamani. La kushoto wanasema litajaribiwa likiwa peke yake, bila mpira, kovu likilegea zaidi.

Herbert nimempata. Alicheka, nikamwonyesha skani, akaacha kucheka. Amepimwa, yuko sawa. Miriam naye yuko sawa. Alinikabidhi pakiti yake hapohapo kwenye mlango wa wafanyakazi. Edith bado. Ile nyumba aliyokuwa akifanyia kazi wamehama, na nambari yake imekufa. Kila Ijumaa baada ya ibada nauliza Wakenya ninaokutana nao. Leo nimeuliza kumi na wawili. Sijakata tamaa.

Nduguyo,
Japheth


Al Rayyan, Ijumaa, 25 Oktoba 2024

Dada Jerusha,

Salamu za furaha kwako na kwa nyumba nzima. Keti kabla ya kusoma.

Mipira ilitolewa tarehe tisa Septemba. Sikukuambia kwa sababu niliambiwa ningoje wiki sita kuona kama mrija wa kushoto utasimama wazi wenyewe, na sikutaka uzihesabu pamoja nami. Nilizihesabu peke yangu. Kila nikienda msalani nilikuwa kama mtu anayesikiliza bomba la maji mtaani, kama limekuja au halijaja.

Jumatatu nimepimwa. Kreatinini ni mia na ishirini na tisa. Skani inaonyesha mkojo unapita wenyewe, hauna kizuizi. Daktari alinipa mkono. Phoebe alitoa machozi, akasema ni mzio. Bado nina mwaka mzima wa vidonge, viwili sasa badala ya vinane, na skani kila miezi mitatu, maana kovu hili linaweza kurudi. Likirudi litanikuta nikiwa macho.

Uliniambia nikusamehe polepole. Nimemaliza. Nilimaliza zamani kidogo, lakini nilitaka nikuandikie siku yenye habari njema.

Edith bado sijampata.

Nduguyo,
Japheth


Chavakali, 3 Novemba 2024

Ndugu yangu Japheth,

Salamu. Barua yako nimeisoma mara nyingi hata Damaris ameninyang'anya simu. Sasa ndipo nimelia kile kilio nilichokuahidi Februari. Kilikuwa kirefu na kizuri.

Leo amekuja mama yake Edith. Amerudi kutoka Kitale, akaja moja kwa moja nyumbani kwangu kwa sababu duka amelikuta limefungwa. Anataka vidonge vya kumtumia binti yake, amenihimiza nimtolee kwa siri kama zamani. Nimekataa. Nimemketisha, nikamweleza yote tangu mwanzo, nikamtaja na wewe. Alinitukana. Nilimwacha anitukane mpaka akamaliza, kisha nikamwekea chai.

Nambari mpya ya Edith hakukubali kunipa. Anasema huko alipo akipigiwa na mtu asiyemjua ataulizwa maswali. Nimempa yako amtumie. Sina zaidi ya hapo la kufanya kutoka huku.

Dadako,
Jerusha


West Bay, 6 Novemba 2024

Dada Jerusha,

Salamu kwa ufupi, niko zamu.

Edith amepiga. Alikuwa akinong'ona. Anasema mgongo unamuuma tangu Agosti, na anaogopa kumwambia mama mwenye nyumba. Nimemwambia tutamwambia pamoja, naye amenielekeza nyumba yao mpya.

Collins amechukua zamu yangu ya kesho. Saa mbili asubuhi nitakuwa kwenye mlango wao na faili langu lote la hospitali, kuanzia ukurasa wa kwanza.

Nduguyo,
Japheth